Unatumia Dawa za Lehemu? Mwonyeshe Daktari Kopo la Saplimenti Kabla ya Kulifungua

SOMO LA AFYA

Kumbi za mazoezi si za vijana pekee tena. Jioni utawakuta walimu, wafanyabiashara na madereva wenye umri wa miaka hamsini na kuendelea wakinyanyua vyuma, baadhi yao kwa ushauri wa daktari. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini wapo walio na vitu viwili nyumbani: pakiti ya tembe za kupunguza lehemu, yaani kolesteroli, kutoka kliniki, na kopo la saplimenti walilonunua kwa kusikia sifa zake jimu. Daktari anaijua pakiti. Muuzaji analijua kopo. Anayevijua vyote viwili ni mgonjwa peke yake.

Tuchukue mfano wa baba wa miaka 52. Anapimwa, lehemu inapatikana iko juu, anaandikiwa atorvastatini na kushauriwa afanye mazoezi. Anaanza kunyanyua vyuma, na wiki ya tatu anauziwa poda ya "kuongeza nguvu". Wiki ya nne mapaja yanamuuma hadi kupanda ngazi ni taabu. Je, ni vyuma, ni poda au ni tembe? Yeye anaamua ni tembe na kuziacha kimyakimya. Maumivu yanapungua, kwa kuwa amepumzika na mazoezi pia. Lakini baada ya wiki chache lehemu inapanda tena, bila kumuuma popote. Kitakachomshtua baadaye huenda kikawa mshtuko wa moyo au kiharusi.

Kosa lake halikuwa kufanya mazoezi. Kosa lilikuwa kuamua peke yake.

Kwa nini tembe na kopo hukutana

Dawa nyingi za lehemu ni za kundi la statini, kama vile atorvastatini, rosuvastatini na simvastatini. Huzuia kimeng'enya ambacho ini hutumia kutengeneza lehemu. Wengi huzitumia bila shida. Wachache hupata maumivu ya misuli, na kwa nadra sana misuli huharibika, mabaki yake yakaingia kwenye damu na kuumiza figo. Mazoezi mazito ya ghafla pia huumiza misuli, na saplimenti kadhaa hulemea ini au figo. Ndiyo maana daktari asiyejua yote unayotumia hawezi kujua tatizo limeanzia wapi.

Kuna nini ndani ya kopo?

• Poda ya protini. Protini ya kawaida ya maziwa haijulikani kugongana na statini. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza. Mayai, maharagwe, ndengu, omena na maziwa pia vina protini.

• Kreatini. Mtu mwenye figo zenye afya kwa kawaida huvumilia gramu 3 hadi 5 kwa siku. Hata hivyo, inaweza kupandisha kipimo cha kreatinini, ambacho hutumiwa kukagua figo. Daktari asipoambiwa, anaweza kudhani figo zimeanza kudhoofika.

• Poda za kunywa kabla ya mazoezi. Nyingi zina kafeini. Kijiko kimoja kinaweza kuwa na miligramu 200 au zaidi, karibu sawa na vikombe viwili vya kahawa. Kafeini hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na wengi wenye lehemu nyingi wana tatizo la shinikizo pia.

• Vidonge vya kuchoma mafuta. Baadhi vina chai ya kijani iliyokolezwa. Kikombe cha chai hiyo hakina neno, lakini kiasi kikubwa katika vidonge kimewahi kuumiza ini.

• Bidhaa "za asili" za kupunguza lehemu. Ukiona maneno "red yeast rice" kwenye kopo, usitumie. Mchele huo uliochachushwa huwa na monakolini K, ambayo ni kitu kile kile kinachoitwa lovastatini hospitalini. Ni kama kumeza statini mbili kwa pamoja. Niasini, yaani vitamini B3, kwa kiasi kikubwa pia huongeza hatari kwa misuli.

• Bidhaa za kujenga misuli haraka. Baadhi zimepatikana na steroidi zisizotajwa kwenye lebo. Hizo hushusha lehemu nzuri, hupandisha mbaya na kuumiza ini. Zinabomoa kile ambacho tembe zinajenga.

Kumbuka pia maji ya balungi. Yakinywewa kwa wingi huongeza kiwango cha simvastatini na atorvastatini mwilini.

Usidanganywe na lebo

Kagua alama ya ubora ya KEBS kabla ya kununua. Alama hiyo inahusu ubora wa bidhaa. Haikuambii kama bidhaa inafaa kutumiwa pamoja na tembe zako. Hilo ataliamua daktari au mfamasia.

Maumivu ya kawaida na ya hatari

Misuli kuuma siku moja hadi tatu baada ya mazoezi mapya ni kawaida, kisha maumivu hupungua. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo ukiona:

• maumivu makali au udhaifu wa misuli usioeleweka;
• mkojo wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi;
• macho au ngozi kuwa ya manjano.

Ukiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, usingoje hata kidogo.

Hatua tano za kufuata

1. Beba kopo lenyewe kliniki, au lipige picha pande zote. Jina pekee halitoshi.
2. Anza kitu kimoja kwa wakati mmoja, ili kikileta shida kijulikane.
3. Ongeza uzito wa vyuma polepole.
4. Kabla ya kutolewa damu, sema kama umefanya mazoezi mazito siku za karibuni. Yanaweza kupandisha vipimo vya misuli na vya ini.
5. Usiache statini bila kumwona daktari. Anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha aina ya dawa.

Ushauri huu utaupata kwa mfamasia au mhudumu wa kliniki katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukikwama, mwulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa wako akuelekeze. Na ukiwa na mzazi, mume au mke anayetumia tembe hizi, mwulize leo: kuna kopo gani kabatini ambalo daktari hajaliona?