SOMO LA USHIRIKA: KICHUPA KIMOJA CHA CHANJO, KAYA NYINGI



Kuku wa kienyeji ni akiba ya mkulima. Hapa Ushirombo, kabla ya malipo ya pamba au tumbaku kufika, kuku ndiye anayepelekwa mnadani ili yapatikane madaftari ya mtoto au fedha za hisa. Kuku wa wanachama wakifa, chama nacho hupata hasara. Katika ukaguzi wa chama kimoja nilimuuliza mama mmoja mwenye bidii kwa nini ameacha kulipia hisa zake. Jibu lake lilikuwa fupi: kuku wake 31 walikufa katika juma moja, ingawa aliwapa vidonge alivyouziwa dukani.

Dalili alizozieleza, yaani kupumua kwa shida, kuhara kijani na kupinda shingo, zilifanana na za kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kideri huletwa na virusi. Antibayotiki haziviui virusi, na kuku akishaugua hakuna dawa ya kumponya. Kinga yake ni chanjo, nayo hupewa kuku wazima kabla ugonjwa haujaingia. Ipo chanjo ya tone la jicho inayostahimili joto, itokanayo na mbegu ya I-2 iliyopatikana Australia. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania huitengeneza huko Kibaha. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Ugumu uko hapa: kichupa kimoja hutosha kuku mia moja au zaidi, na kikishafunguliwa hakikai muda mrefu. Mwenye kuku 12 haoni faida ya kukinunua peke yake. Kaya kumi zikiungana, gharama kwa kila kuku huwa ndogo. Hiyo ndiyo kazi ya ushirika.

Basi katibu na atimize haya:

1. Aorodheshe kuku wa kila mwanachama, wakubwa kwa vifaranga.

2. Apeleke orodha kwa afisa mifugo wa kata na kukubaliana siku ya chanjo. Kila mwanachama achangie kwa idadi ya kuku wake na apewe stakabadhi.

3. Kuku wakiugua, aandike: wameugua lini, wangapi, wangapi wamekufa, umri wao, dalili, chakula, dawa walizopewa, na tarehe ya chanjo ya mwisho. Mtaalamu akiambiwa tu kwamba "kuku wanaumwa" hana pa kuanzia.

4. Amwulize afisa mifugo kuhusu mzoga mpya kabla haujazikwa, kwani huenda akataka upelekwe maabara Mwanza kuchunguzwa. Mizoga mingine ichomwe au ifukiwe shimoni.

5. Awakataze wanachama kuuza kuku wagonjwa kwa wachuuzi wanaokwenda machimboni. Tenga moja la kuku wagonjwa hueneza ugonjwa kila linakopita.

Ushauri wa mtaalamu unahitajika hata katika chakula. Mashudu ya pamba ni mengi kwetu, lakini yana sumu iitwayo gosipoli, ambayo ikizidi hudhuru kuku na kubadili rangi ya kiini cha yai. Mashudu ya alizeti ni salama zaidi. Mahindi yaliyoota kuvu yasipewe kuku: hayawi chakula chema kwa sababu tu sisi tumeyakataa.

Yule mama alikuwa na fedha za kununulia vidonge. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mapema kwamba fedha zile zingetosha mchango wake wa chanjo. Mtu huyo angeweza kuwa katibu wake.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa wanachama:

(a) Chama chetu kina kuku wangapi, na wangapi wamechanjwa?

(b) Afisa mifugo wetu ni nani, na alifika lini mara ya mwisho?

(c) Nani atatunza daftari la kuku na michango ya chanjo?

Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Mkaguzi atakapofika atayauliza.