KADI YA CHANJO NI SHAHIDI

Katika somo hili tutajifunza habari za fidia. Fidia ni malipo anayopewa mtu aliyepata madhara. Tutazungumzia madhara yanayodaiwa kuletwa na chanjo.

Hapa Unguja, tangu Mji Mkongwe mpaka Nungwi na Makunduchi, watoto wetu huchanjwa surua, polio na pepopunda. Tangu mwaka 2021 wengi wetu tulichanjwa pia UVIKO-19. Chanjo zimeokoa roho nyingi. Lakini chanjo ni dawa, na dawa yoyote inaweza kumdhuru mtu mmoja mmoja. Mara nyingi ni homa ndogo, au mkono kuuma siku mbili tatu. Hayo hayana fidia. Madhara makubwa ni nadra sana, ila yapo. Chanjo ya Janssen, iliyofika Tanzania Julai 2021, iligunduliwa kuwa huwagandisha damu watu wachache mno.

Je, aliyedhurika adai wapi?

Njia ya kwanza ni mahakama. Huko mdai ndiye anayetakiwa kuthibitisha nani alikosea, na kosa hilo lilimdhuru vipi. Kazi hii ni ngumu, maana pengine hakuna aliyekosea. Muuguzi alichoma vizuri, dawa ilikuwa nzima, ila mwili haukuipokea.

Kwa hiyo baadhi ya nchi zilianzisha njia ya pili: fidia bila kutafuta mkosaji. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1979, na Marekani mwaka 1986. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango kama huo kwa nchi 92, Tanzania ikiwa mojawapo. Mpango ulihusu chanjo za UVIKO-19 zilizopitia COVAX tu. Kuomba kulikuwa bure, bila ya wakili. Waliofikiriwa ni wenye kilema cha kudumu, au warithi wa marehemu. Daktari alitakiwa kutia saini fomu ya ushahidi. Na aliyepokea malipo alikubali kutodai tena mahakamani kwa jambo hilo. Ndiyo maana tunasema: usitie saini wala dole gumba kabla hujasoma!

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Makunduchi amechanjwa Jumatatu. Ijumaa mguu umekufa ganzi. Majirani wanamwambia, "Ni ile sindano tu, bibi wee!" Pengine ni kweli. Pengine ni kisukari. Jogoo huwika, kisha jua likachomoza, lakini si jogoo aliyelileta jua. Kule Marekani yalipelekwa madai zaidi ya 5,000 kwamba chanjo iliwaletea watoto usonji. Mwaka 2009 mahakama iliamua kesi za mfano, ikaona ushahidi haupo.

Basi mama huyu asinyamaze, wala asihukumu kabla ya uchunguzi. Afanye hivi:

1. Aende kituo cha afya upesi, na kadi mkononi. Aseme siku aliyochanjwa na siku aliyoanza kuumwa. Aombe taarifa yake iandikwe.

2. Asome kadi yake: jina la chanjo, tarehe na namba ya toleo. Chanjo za UVIKO-19 zilikuja kwa njia mbalimbali, si zote kwa COVAX. Bila ya kadi, ni vigumu kujua mtu alichanjwa ipi.

3. Aweke pamoja vyeti vya daktari, majibu ya vipimo na stakabadhi za dawa.

4. Amwone msaidizi wa sheria, au aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar. Asichelewe, maana madai huwekewa muda. Muda ukipita, haki nayo inaweza kupotea.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni mali. Tusifungie kadi karanga, wala tusiwaachie watoto waichezee. Tuiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Hatukujifunza kusoma ili tupate cheti cha kutundika ukutani. Tulijifunza ili karatasi yetu itusemee.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini ni vigumu kudai fidia ya chanjo mahakamani?
2. Mfano wa jogoo unatufundisha nini?
3. Chukua kadi ya mtoto wako. Soma tarehe zote kwa sauti. Je, ipo iliyokosekana?