Bondia wa Uzito wa Juu Baada ya Kushindwa: Kipi Kipone Kwanza?

Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba, 1974, mjini Kinshasa, George Foreman, bingwa wa dunia wa ndondi za uzito wa juu, aliangushwa na Muhammad Ali katika raundi ya 8. Kabla ya hapo hakuwa ameshindwa hata pambano moja la kulipwa. Miaka 20 baadaye, tarehe 5 Novemba, 1994, akiwa na umri wa miaka 45, Foreman alimwangusha Michael Moorer katika raundi ya 10 na kuutwaa tena ubingwa. Ni dhahiri kwamba bondia aliyeshindwa vibaya anaweza kujijenga upya. Swali ni hili: aanze na nini?

Wengi watajibu kwamba aanze na nguvu za ngumi. Sayansi ya mwili yajibu vingine: ubongo kwanza, mwili pili, ngumi mwisho.

Ngumi hufanya nini kichwani

Ubongo wa mtu mzima una tungamo la kilo 1.4 hivi, nao huelea katika maji maalumu ndani ya fuvu. Ngumi ikipiga taya, kichwa huzunguka ghafla, lakini ubongo huchelewa kukifuata, kama abiria anavyobaki nyuma basi linapoondoka kwa kishindo. Nyuzi za neva huvutwa, na chumvichumvi zilizo ndani na nje ya chembe hai hupoteza mizani yake. Ili kuirudisha mizani hiyo, ubongo huhitaji sukari nyingi wakati ule ule ambao damu inayoufikia aghalabu imepungua. Upungufu huo waweza kudumu siku kadhaa hata wiki kadhaa, ingawa kwa nje bondia anaonekana mzima. Akipigwa tena kabla haujaisha, ubongo waweza kuvimba na kumwua.

Hatari nyingine ni kupasuka kwa mishipa midogo ya damu iliyo baina ya ubongo na fuvu. Damu huvuja polepole na kuukandamiza ubongo. Afrika Mashariki inao mfano wa huzuni wa majeraha ya ubongo. Robert Wangila, Mkenya wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya ndondi katika Michezo ya Olimpiki, huko Seoul mwaka 1988, alisimamishwa na mwamuzi katika raundi ya 9 mjini Las Vegas mwezi Julai, 1994. Alitoka ulingoni akiwa na fahamu zake, kisha akazimia katika chumba cha kubadilishia nguo. Tarehe 24 Julai alifariki dunia. Basi kusimama kwa miguu miwili si ushahidi wa afya. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, au usingizi usio wa kawaida ni ishara za kumpeleka mtu hospitali mara moja.

Ngazi za kurejea

Baada ya siku moja au mbili za mapumziko, bondia huanza kutembea. Asiposikia maumivu wala kizunguzungu, hukimbia polepole, kisha huruka kamba, kisha hupiga begi la mazoezi. Kila ngazi huchukua siku moja au zaidi, na dalili zikirudi, hushuka ngazi moja. Kupigana na mwenzake wa mazoezi hungoja ruhusa ya daktari. Kanuni za kimataifa za ndondi za ridhaa kwa miaka mingi zimemzuia bondia aliyeangushwa kwa ngumi ya kichwa asipigane kwa siku zisizopungua 30, na muda huongezeka ikiwa alipoteza fahamu.

Mwili mkubwa katika joto

Ubongo ukishapona, ndipo mwili hujengwa. Hapo hapana budi kuchunguza sababu ya kushindwa. Kinshasa, katika joto lenye unyevu, Foreman alitumia nguvu zake kumpiga Ali aliyeegemea kamba, hata akachoka. Mtu mkubwa huadhibiwa na joto kuliko mtu mdogo. Mchemraba ukiongezwa urefu wa upande mara mbili, eneo la nje huongezeka mara 4, lakini ujazo mara 8. Joto huzalishwa na ujazo wa misuli, nalo hutoka kwa kupitia ngozi.

Wilaya za Ngorongoro na Karatu ni maabara nzuri ya somo hili. Engaresero, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, imo katika bonde la Ziwa Natron, kiasi cha meta 600 tu juu ya usawa wa bahari. Joto lake ni kali hata wapandao mlima huo huanza safari usiku. Hewa ni kavu, hivyo jasho hukauka upesi, na mtu hupoteza maji bila kutambua. Kwenye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, zaidi ya meta 2,200, hali ya hewa ni ya baridi, lakini kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu robo, na kila pumzi ina oksijeni pungufu. Karatu, alikozaliwa mkimbiaji Filbert Bayi, iko katikati, kwenye meta 1,500 hivi. Bondia anayerejea aanze mahali pa wastani kama Karatu. Akipelekwa Engaresero, afanye mazoezi alfajiri, anywe maji, na azoeshwe joto kwa muda wa wiki mbili hivi.

Ngumi na moyo

Mwisho ni pambano lenyewe. Foreman aliporudi mwezi Januari, 1976, alikutana mara moja na Ron Lyle, mpigaji hatari. Alishinda, lakini aliangushwa mara mbili. Aliporudi tena mwaka 1987, baada ya kuacha ndondi kwa miaka 10, alianza na wapinzani wasio na majina makubwa, akapanda ngazi kwa ngazi. Njia hii ya pili ndiyo ya kufuatwa, kwani moyo nao hujengwa kwa ushindi mdogo mdogo. Na daktari akisema basi, kustaafu ni uamuzi wa kishujaa.

Jaribio kwa wanafunzi

Mwanafunzi mmoja ashike rula juu, mwenzake aweke vidole wazi kwenye alama ya sifuri. Rula iachiwe bila taarifa, naye aidake. Umbali d, kwa meta, hutoa muda t kwa kanuni d = ½gt², ambapo g ni 9.8. Sentimeta 20 ni sawa na sekunde 0.20, sentimeta 30 ni sekunde 0.25. Rudieni mara 10, mtafute wastani, asubuhi na tena baada ya kucheza juani.

Maswali: 1. Kwa nini kipimo hiki hakiwezi kuchukua nafasi ya daktari? 2. Kwa nini bondia apimwe kabla ya pambano, si baada tu?