Somo la 12: Mwendesha Mashtaka na Rushwa ya Uchaguzi

1. Kufuata nyayo

Mfugaji wa Mbulu au Hanang akiibiwa ng'ombe, hamkamati mtu kwa sababu tu watu wanamsema. Huwaita majirani, nao hufuata nyayo. Nyayo huonyesha ng'ombe alikopitishwa.

Rushwa ya uchaguzi nayo ni wizi. Anayeibiwa ni kijiji kizima. Kiongozi aliyenunua kura huona kwamba hana deni kwa wananchi. Kazi ya kuonyesha nyayo za wizi huo mbele ya hakimu ni ya mwendesha mashtaka wa Serikali.

2. Mwendesha mashtaka ni nani?

Ni mwanasheria. Husoma sheria chuo kikuu, kisha hujifunza kazi ya mahakamani kwa vitendo. Huanza na kesi ndogo. Akizoea hupewa kesi nzito, kama zile za rushwa na uchaguzi. Kama mwalimu, naye huweza kuhamishwa kutoka wilaya hadi wilaya.

Zamani kesi nyingi katika mahakama za chini ziliendeshwa na polisi. Mwaka 2008 ilitungwa sheria ya kuunda huduma ya mashtaka ya taifa, chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Rushwa hupelelezwa na TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Chombo hiki kilianza mwaka 1975 kikiitwa Kikosi cha Kuzuia Rushwa. Nacho kina waendesha mashtaka wake.

3. Takrima au hongo?

Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa. Mgombea aliruhusiwa kuwakirimu watu kwa desturi na kwa nia njema. Jambo hili liliitwa takrima. Kazi ya mashtaka ikawa ngumu. Aliyegawa vyakula na vinywaji aliweza kusema, "Huu ni ukarimu wetu." Nani angeonyesha mpaka kati ya ukarimu na hongo?

Mashirika matatu ya raia yalifungua kesi. Aprili 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya takrima vilikuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2007 ilitungwa sheria mpya ya rushwa. Mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria hiyo inagusa hata uteuzi wa wagombea ndani ya vyama.

4. "Nilisikia" si ushahidi

Tuchukue mfano. Mgombea udiwani anapita usiku nyumba kwa nyumba. Anagawa fedha na vitenge. Asubuhi kijiji kizima kinajua. Je, kesi ipo? Bado.

Hakimu atauliza: Nani alitoa? Nani alipokea? Siku gani? Mahali gani? Alisema nini alipotoa? Nani aliona kwa macho yake? Shaka ya maana ikibaki, mshtakiwa huachiwa. Hiyo ni haki, maana hata mgombea safi huweza kusingiziwa na mpinzani wake. Mwendesha mashtaka mwema hukataa kesi ya uzushi.

Shida kubwa ni shahidi. Anaishi jirani na jamaa za mshtakiwa. Wanachota maji kisima kimoja. Siku ya kesi, mjini Mbulu au Katesh, anasema, "Sikumbuki." Hapo nyayo zimefutika, na kesi imekufa.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2015 ilitungwa sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi.

5. Wewe ufanye nini?

Kumbuka kwamba anayetoa na anayepokea wote wana kosa. Hili si jambo jipya. Wanachama wa TANU waliahidi kutopokea wala kutoa rushwa.

Ukipewa hongo, kataa. Toa taarifa mapema katika ofisi ya TAKUKURU, au piga simu namba 113 bila malipo. Andika siku, saa, mahali na maneno uliyoyasikia. Sasa unajua kuandika. Karatasi yako huweza kukukumbusha kesi itakaposikilizwa miezi mingi baadaye.

Kitenge huchakaa upesi. Diwani hukaa miaka mitano.

Maneno mapya

Mshtakiwa: mtu anayedaiwa mahakamani kuwa ametenda kosa.
Shahidi: mtu anayeeleza mahakamani aliyoyaona au anayoyajua.
Ushahidi: maneno au vitu vinavyoonyesha ukweli wa jambo.
Kusingizia: kumtwika mtu kosa asilolitenda.

Maswali

1. Kwa nini Mahakama Kuu ilitajwa katika somo hili?
2. Kwa nini "nilisikia" haitoshi mbele ya hakimu?
3. Jadilianeni: Shahidi akiogopa kusema, kijiji kinaweza kumsaidiaje?
4. Andika sentensi tatu kueleza tofauti ya ukarimu na hongo.