Mtoto Si Malipo ya Deni

Someni kwanza: 2 Wafalme 4:1–7 na Nehemia 5:1–13

Somo letu la safari hii linahusu watoto wetu wakati wa hali ngumu ya maisha. Bei ya pamba ikianguka, Bunda nzima huumia. Samaki wakiadimika, vikapu vya Musoma hurudi nyumbani vitupu. Mvua ikikosa, watu wa Butiama huuza mifugo kwa bei ya kutupa. Hayo tunayajua wote. Swali la somo hili ni moja tu: nyumba inapobanwa, ni nani anayetangulia kulipa?

1. Mjane na mdai wake

Tunasoma habari za mjane wa mmoja wa wana wa manabii. Mumewe alikufa akaacha deni, na mdai akaja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Angalieni jambo hili: watoto hawakukopa kitu, lakini wao ndio waliotakiwa kulipa. Nabii Elisha hakumwambia mama yule avumilie. Alimwuliza ana nini nyumbani, kisha akamtuma kwa majirani kuazima vyombo vitupu, tena vingi. Vyombo vikajaa mafuta, mafuta yakauzwa, deni likalipwa, na watoto wakabaki na mama yao.

2. Habari ya kwetu

Sisi wa Mara tuna historia ya pekee katika jambo hili. Mwaka 1934 mtoto mmoja wa Butiama, aliyekuwa akichunga mifugo ya baba yake, aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Huyo ndiye Mwalimu Julius Nyerere. Miaka 40 baadaye, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Musoma ikatoa Azimio la Musoma, kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe na nafasi darasani. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi.

Kazi kubwa ilifanyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu watoto wote wa rika hilo walikuwa wameandikishwa. Lakini uchumi ulikuwa umekwisha kutetereka. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 hadi 1979. Sabuni na sukari tukavipangia foleni. Katikati ya miaka ya 1980 ada zikarudi shuleni, na uandikishaji ukashuka. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ikafika kidato cha nne. Ndugu zangu, hesabuni miaka hiyo. Mtoto hawezi kuambiwa angoje uchumi upone, maana umri wake haungoji.

3. Mwanafunzi niliyemwandika mtoro

Katika miaka ile ya ada kurudi, nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja karibu na ziwa, upande wa Bunda. Msichana mmoja wa darasa la tano aliacha kuja. Nikaandika katika kitabu cha mahudhurio: mtoro. Sikuuliza zaidi.

Baada ya majuma kadhaa nilishuka mwaloni kununua kitoweo, nikamkuta anaanika dagaa juu ya mchanga. Akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwuliza kwa ukali kwa nini ametoroka shule. Akajibu kwa upole, "Mwalimu, mimi si mtoro. Namalizia deni la mama." Mama yake alikuwa amekopa unga na mafuta ya taa kwa mwenye duka, na mwenye duka ndiye mwenye dagaa wale. Deni lilikuwa dogo, hata mshahara wangu mdogo ungeweza kulipunguza. Nilinunua dagaa nikarudi nyumbani. Yule binti hakurudi darasani tena. Nimefundisha miaka mingi tangu siku ile, nikastaafu, na neno lile "mtoro" nililoliandika kwa mkono wangu bado linanishtaki.

4. Sheria inasema nini

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Kisha ikatungwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kwa sheria hiyo, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Mzazi ana wajibu wa kumpa chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na nafasi ya kucheza na kupumzika. Mtoto aliyefikia miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Kazi za hatari, kama zile za machimbo ya dhahabu, zimekatazwa.

Tena, Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Nalisema hili wazi, kwa kuwa wapo kwetu wanaowatazama ng'ombe wa mahari kama njia ya kutoka katika shida. Binti anayetolewa hivyo hana tofauti na wana wa yule mjane.

5. Tufanye nini

Kwanza, nyumbani. Tuanze na swali la Elisha: tuna nini? Kabla ya daftari la mtoto kukatwa, watu wazima tukate vya kwetu, yaani pombe, sare za harusi, na michango ya sherehe.

Pili, majirani. Hawakuombwa mafuta, waliombwa vyombo vitupu. Sare iliyomfupia mwanao ni chombo kitupu. Kumshikia jirani mtoto mchanga ili dada yake aende shule ni chombo kitupu. Na ukiona mtoto anaonewa, sheria inakutaka utoe taarifa serikali za mitaa. Waweza pia kupiga simu namba 116, bila malipo.

Tatu, wanaodai. Nehemia aliwakusanya wakubwa waliokuwa wakiwatoza ndugu zao riba hadi wakatoa watoto wao utumwani, akawataka warudishe. Leo tuna mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Huenda baadhi ya wanaoitoa tunakaa nao benchi moja kanisani. Nao somo hili ni lao.

Maswali ya kuzungumza

1. Mwaka uliopita nyumbani kwako palipopungua fedha, ni kitu gani kilikatwa kwanza?
2. Ni mtoto gani wa mtaa wako ambaye hayupo shuleni? Je, umeuliza sababu?
3. Ni vyombo gani vitupu tulivyo navyo katika mtaa huu?

Swali la pili lisijibiwe kwa kukisia. Nendeni mkaulize nyumbani kwake kabla hamjamwita mtoro.