Redio Bubu na Redio Kiziwi: Istilahi za Kutambua Hitilafu ya Upokezi

Makala haya yananuia kuchunguza jinsi Kiswahili kinavyoweza kueleza utambuzi wa hitilafu katika bodi ya redio inayoendeshwa kwa programu ya kompyuta. Mifano imewekwa katika mazingira ya Kitale na Bungoma.

Redio ya kawaida huchagua stesheni kwa koili na kapasita. Bodi hii huyapokea mawimbi, huyageuza kuwa tarakimu, na kazi ya kuchagua huachiwa kompyuta. Tangu mwaka wa 2012, ilipobainika kwamba vifaa rahisi vya kunasia televisheni vyenye chipu ya RTL2832U vinaweza kutumiwa hivyo, teknolojia hii imeingia mikononi mwa wanafunzi.

Mwenye redio iliyoharibika humwambia fundi kwamba "haisemi" au "haishiki". Vitenzi hivi viwili, ambavyo wasomi huvipuuza, vinabeba mantiki kamili ya uchunguzi. Redio isiyosema ni bubu: kasoro iko upande wa kutolea sauti. Redio isiyoshika ni kiziwi: inavuma, lakini stesheni haziingii.

Uziwi huchunguzwa kuanzia nje. Kwanza hubadilishwa waya wa antena. Bodi ikiwa na milango miwili ya mawimbi, antena ileile huhamishiwa mlango wa pili. Stesheni zikisikika huko, antena na waya havina lawama. Kisha hutazamwa mvumo kwenye skrini huku ukuzaji ukiongezwa. Mvumo usipopanda hata kidogo, kikuza mawimbi cha kwanza hushukiwa kuungua, jambo lisiloshangaza katika maeneo ya karibu na Ziwa Viktoria yenye radi nyingi. Mvumo ukipanda bila stesheni yoyote, huenda soketi imeachia lehemu.

Upo mtego hapa. Fundi wa Bungoma aliye karibu na mtambo wa stesheni huweza kuishika hata kwa mlango ulioungua, kwa kuwa mawimbi yenye nguvu hupenya, ingawa kwa unyonge. Akaamua kwamba bodi ni nzima. Bodi hiyohiyo ikipelekwa Kitale na kutakiwa ishike mawimbi yanayotoka Bungoma, uziwi wake unafichuka. Kwa hiyo stesheni dhaifu ndiyo kipimo cha haki.

Istilahi rasmi inatusaidia kiasi gani? Neno "ingizo" limeundwa vyema kutokana na kitenzi "ingiza", lakini linabebeshwa mzigo mkubwa mno: kitendo cha kuingiza, kile kinachoingizwa, na mahali pa kuingizia. Mwanafunzi anayesoma kwamba "ingizo ni bovu" hajui kama abadilishe antena au ashike chuma cha kulehemu. ("Kiingilio" hakifai, kwani hicho hulipwa langoni uwanjani!) Wakulima wa Trans Nzoia hawana tatizo hili, wao wana "pembejeo", nayo ni mbegu na mbolea, si shamba lenyewe.

Inapendekezwa basi "ingizo" libakie kwa mawimbi yanayoingia, na "mlango wa mawimbi" utumike kwa mahali. Hapo ripoti ya fundi inaweza kusema bila utata: ingizo ni zuri, mlango ni mbovu, au ingizo ni dhaifu, mlango ni mzima. Ripoti ya kwanza inadai lehemu, ya pili inadai antena ndefu zaidi.