Hofu ya Mzazi na Malezi ya Watoto

Somo la kusoma: Mwanzo 37, 38, na 42 hadi 45

Mwezi huu twataka kufundishana habari ambayo husemwa kwa shida katika nyumba zetu. Mzazi aliyepatwa na mambo mazito, na hofu yake haijamtoka, atawaleaje watoto wake?

Habari yenyewe ilitujia safarini. Tulikuwa Kilwa Masoko pamoja na walimu wanne, na kazi yetu ilipokwisha tukavuka kwenda Kilwa Kisiwani kuyaona magofu. Njia ni ya bahari tu, na mashua ya tanga huuvuka upesi mlango ule upepo ukiwa mwema. Chomboni alikuwamo mama mmoja na mwanawe wa kiume, apata miaka saba. Tulipofika katikati, wingu jeusi likatanda upande wa kusini, matone yakaanza kuanguka. Yule mtoto akainama ubavuni pa chombo ili achezee maji kwa mkono, kama watoto wote wafanyavyo. Mama akamkamata mkono kwa nguvu hata kucha zikaacha alama. Mtoto akalia, mama akampiga kofi, akamwambia, "Nyamaza!" Nahodha akacheka, akasema bahari ile ni shwari, watoto wa kisiwani huivuka wakisinzia. Mama hakucheka.

Tuliposhuka, akaketi kivulini pa ukuta wa Gereza, ile ngome ya zamani iliyo karibu na ufuo, naye alikuwa akitetemeka. Tukamwendea kumpa pole. Yeye si wa kanisa letu, ni Mwislamu, lakini mzigo wake twaujua hata makanisani. Akatueleza kwamba mwaka 2020, mwezi wa Januari, mito ilipofurika katika wilaya ya Kilwa, yeye alikuwa kwao, upande wa bara. Usiku kucha alikaa juu ya paa, mtoto huyu akiwa mgongoni, angali ananyonya. Na mtoto wa dada yake akachukuliwa na maji mbele ya macho yake. Kisha mwezi wa Mei 2024 kikaja kimbunga kilichoitwa Hidaya, hata barabara ya kusini ikakatika huko Somanga. Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia pwani kwa mumewe, na nyumba yao haikupata madhara. Lakini mwili wake haukusadiki.

"Baba," akasema, "mvua ikianza tu, mikono hii si yangu. Mtoto huyu simpigi kwa kosa lake. Namchapa yeye, kumbe nauchapa mto."

Neno hilo tulikwenda nalo mpaka nyumbani, tukafungua kitabu cha Mwanzo.

Mzee Yakobo tumezoea kumhubiri kuwa baba wa makabila kumi na mawili. Leo tumtazame kama baba aliyejeruhiwa. Siku moja aliletewa kanzu ya mwanawe Yusufu ikiwa na damu, akaamini kwamba mnyama amemla, wala hakukubali kufarijiwa. Miaka ishirini na zaidi ikapita. Njaa ikaingia Kanaani, wana kumi wakatumwa Misri kununua nafaka, lakini Benyamini hakutumwa. Maandiko yatoa sababu waziwazi katika Mwanzo 42:4: baba alichelea mtoto asije akapatwa na madhara. Benyamini wakati ule alikuwa mtu mzima. Kwa baba yake alikuwa bado mtoto, kwa kuwa hofu haihesabu miaka.

Tena angalieni jinsi hofu hiyo ilivyotawala nyumba nzima. Simeoni alikuwa amefungwa Misri, na dawa ya kumtoa ilikuwa moja tu, kumpeleka Benyamini. Yakobo akakataa. Chakula kikapungua hata kikaisha, wajukuu wakakaa na njaa, naye bado akakataa. Yuda akamwambia kwamba kama si kukawia kule wangalikwisha kwenda na kurudi mara mbili. Na liko neno moja katika mstari wa 38 ambalo kwa miaka mingi tulilisoma bila kulisikia. Akiwakatalia, mzee alisema kwamba ndugu yake Benyamini amekufa, naye Benyamini amebaki peke yake. Aliyasema hayo mbele ya nani? Mbele ya wanawe tisa waliosimama pale, na wa kumi akiwa kifungoni! Walisikiaje mioyoni mwao, walipoambiwa na baba yao kwamba amebaki mmoja? Hakuwachukia. Jeraha lilikuwa limemfunga macho, hata akawa haoni ila yule aliyemkumbusha aliyepotea.

Hapa twaona jambo ambalo ndilo shina la somo letu. Mtoto haioni hofu ya mzazi wake. Huona uso wake, husikia sauti yake, huhisi mkono wake, kisha hutafuta sababu, na sababu aipatayo upesi ni yeye mwenyewe. Yule mtoto wa mashuani hakujua habari za mto. Alijua kwamba amechezea maji, naye ni mbaya.

Wala hatusemi haya kama watu waliosimama pembeni. Binti yetu alipochaguliwa kwenda shule ya bweni, tulimzuia mwaka mzima tukisema ada haijapatikana. Ada ilikuwapo. Lakini ndugu yetu mdogo alifariki njiani akienda shule, tukiwa sisi wenyewe wanafunzi, na kila tulipoiona safari ya binti tuliliona jeneza lile. Hatukumwambia neno. Siku tulipomweleza, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, nilidhani mimi ndiye niliyekosa." Mwaka mzima alikuwa akitafuta kosa lake.

Pwani hii yetu ina majeraha ya zamani zaidi ya mafuriko. Karne ya kumi na tisa misafara kutoka nchi ya Nyasa iliteremka Kilwa Kivinje, na watu waliofungwa minyororo wakapakiwa majahazini kwa maelfu, mpaka soko la Unguja likafungwa mwaka 1873, na hata baada yake biashara ile haikukoma mara moja. Kisha Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, vikaenea kusini yote hata mwaka 1907. Jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala, na waliokufa kwa njaa walizidi waliokufa kwa risasi. Waliosalia wakazaa, wakalea. Waliwalea watoto kwa moyo upi? Mzee mmoja alitusimulia kwamba bibi yake, aliyekuwa mtoto wakati wa njaa ile, hakuacha kuficha mtama chini ya kitanda hata uzeeni, ingawa ghala lilikuwa limejaa. Mjukuu aliyekigusa chungu kile alipigwa vikali. Hakuna aliyeambiwa sababu. Mzee huyo asema yeye mwenyewe aliifahamu alipokwisha kuwa na wajukuu, na siku aliyoifahamu alimlilia bibi yake, ambaye alipokufa hakumlilia.

Wengine walisimulia. Wako wasomaji wakijuao kitabu cha Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa mwaka 1934. Mwandishi ni mzaliwa wa Freretown, karibu na Mombasa, mtoto wa wazazi waliookolewa katika utumwa. Kama wazee wale wangalifunga vinywa vyao, mtoto angaliandika nini?

Desturi yetu yatufundisha kitu hapa. Katika vijiji vyetu mko akina Shida, Tabu, Mashaka na Masumbuko, waliopewa majina kwa mambo yaliyowapata wazazi siku walipozaliwa. Hatulaumu, Yusufu naye alimwita mzaliwa wake wa kwanza Manase, kwa kuwa Mungu amemsahaulisha taabu yake. (Hakusahau. Someni mara ngapi alijitenga ili alie!) Ila mtoto akiisha kupewa jina la Tabu, apewe na habari yake, ili ajue kwamba tabu ile ilikuwa ya mwaka fulani, na kwamba siyo yeye.

Na baba yetu Martin Luther? Wengi humfikiri kuwa mtu asiyetetemeka. Mwenyewe alisimulia kwamba utotoni mama yake alimpiga hata damu ikatoka, kwa ajili ya kokwa moja tu. Na baba yake alimpiga siku moja hata mtoto akamkimbia, na baba ikampasa kumbembeleza muda mpaka moyo wake ukarudi. Alikua akiwa na hofu nyingi, na majaribu ya moyo yakamfuata maisha yake yote. Mwaka 1530 alikaa miezi mingi katika ngome ya Coburg. Wenzake walikuwa Augsburg kuyatetea maungamo ya imani mbele ya Kaisari, naye hakuweza kwenda kwa kuwa alikuwa chini ya hukumu iliyotolewa Worms mwaka 1521. Kichwa kilimvuma kwa ugonjwa. Mwanzo wa Juni akapata habari kwamba baba yake, yule aliyempiga, amefariki. Akachukua Zaburi yake, akaingia chumbani, akalia.

Majuma mawili hivi baadaye, tarehe 19 Juni, alimwandikia barua mwanawe Hans, mtoto wa miaka minne. Barua hiyo ipo hata leo. Hamna ndani yake Kaisari, wala ugonjwa, wala fimbo. Mna bustani nzuri yenye matufaha na matunda mengine matamu, na watoto wapandao farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu. Na Hans aambiwa kwamba akisali na kujifunza vema, naye ataingia, tena awachukue na rafiki zake. Mzigo wa baba ulikuwa mzito vilevile siku ile. Aliutua mahali pengine, mbele ya Mungu na mbele ya rafiki watu wazima, kisha akamwandikia mtoto maneno ya kitoto. Mwaka uleule mwalimu wa watoto wake, Hieronymus Weller, aliposumbuliwa na huzuni kuu, Luther alimshauri asikae peke yake, atafute watu, azungumze, hata acheze na kufanya mzaha. Twaona kwamba alimpa dawa aliyoitumia mwenyewe.

Basi mzazi afanye nini? Kwanza ajue kwamba kutetemeka kwake si dhambi wala si upungufu wa imani. Walimu wengine huwaambia watu kwamba mwenye imani haogopi. Twawasihi waliache neno hilo, kwa maana Bwana wetu mwenyewe katika Gethsemane alifadhaika na kuhuzunika, akawaambia rafiki zake, akawataka wakeshe pamoja naye. Mtu aliyeponea chupuchupu, mwili wake huweka kumbukumbu: moyo humpiga, usingizi humkimbia, ndoto humrudisha mahali palepale. Waganga wa hospitali walijua jambo hili na wana njia za kulitibu, kwa mazungumzo na pengine kwa dawa. Kwenda kwao hakupunguzi sala. Wako wanaosema moja kwa moja kwamba mtu huyu ana pepo, wakampigia ngoma au wakamkemea kanisani mbele ya wote. Nasi tumewaona waliorudi nyumbani wamezidi kuumia.

Mtoto naye aambiwe kwa kadiri yake. Wa miaka saba yamtosha kujua kwamba mama huogopa maji, na kwamba kosa si lake. Habari za mtoto wa dada na usiku wa paani zingoje miaka yake. Mtoto asifanywe kuwa muungamishi wa mama yake. Mzigo huo ni wa mume, wa dada, wa mchungaji, wa mganga. Na mzazi aliyepiga kwa hofu, aombe radhi kwa mtoto. Twajua wako wazee watakaotikisa kichwa, wakiuliza tangu lini mkubwa ameomba radhi kwa mdogo. Twawajibu kwamba katika amri ya nne twawafundisha watoto kuwaheshimu wazazi, na heshima hiyo haikupungua siku baba yake Luther alipombembeleza mwanawe.

Walimu wa vijiji, msomapo somo hili na watu wenu, someni sura ya 42 hadi 45 kwa kikao kimoja, msikate. Mfikapo sura ya 44, simameni kidogo penye maneno ya Yuda, ajitoapo kuwa mtumwa badala ya Benyamini kwa kuwa aijua roho ya baba yake. Kisha rudini nyuma mpaka sura ya 38. Huyu Yuda alikuwa amezika wana wawili, na wa tatu, Shela, alimficha asioe, akichelea asije akafa kama ndugu zake. Yeye naye alikuwa ameshika mtoto kwa nguvu kupita kiasi. Waulizeni watu: kwa nini katika ndugu kumi ni huyu aliyeweza kusema na mzee hata akakubali? Wasiotaka kusema wasilazimishwe, na lisemwalo kikaoni libaki kikaoni.

Jioni ile tulirudi Masoko kwa mashua ileile. Mama alikuwa amekwisha kumweleza mwanawe, tukiwa tungali ufuoni, kwa maneno machache ambayo hatukuyasikia yote. Upepo ulikuwa umezidi kidogo, naye akamshika mtoto mkono. Katikati ya mlango tulimsikia mtoto akisema, "Mama, wanishika sana," na mama akalegeza vidole.